Mstari Mweupe Mwishoni mwa Piti

Kwa misimu mitatu nilijitolea kufanya kazi katika njia ya piti, yaani njia ya pembeni ambako magari huingia kuhudumiwa na mafundi, kwenye mbio za magari za ngazi ya klabu. Kituo changu kilikuwa mwisho kabisa wa njia hiyo, hatua chache kutoka kwenye taa, na jukumu langu lilikuwa kutazama iwapo gari linalorudi mashindanoni linakanyaga mstari mweupe unaolitenganisha na magari mengine yanayopita kwa kasi kubwa upande wa pili. Mstari wenyewe ni rangi tu juu ya lami, upana wake haufikii hata urefu wa unyayo, lakini ukisimama pale kutwa nzima unaanza kuuona kama ukuta.

Siku moja ya manyunyu niliandika kwenye fomu kwamba gari namba 17 lilivuka mstari huo kwa magurudumu mawili. Nikaandika saa na dakika, nikatia saini, nikaikabidhi. Haukupita muda mrefu nikaitwa katika chumba cha waamuzi. Mwenyekiti wao, mzee mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, hakuniuliza kama nina uhakika. Aliniuliza nilikuwa nimesimama wapi, gurudumu lipi lilianza kuvuka, na kama namba ya gari niliisoma kwa macho au niliikisia kwa kuona rangi. Swali hilo la tatu lilinikata maini. Timu ile ilikuwa na magari mawili ya rangi moja, nami niliona rangi kwanza, na ile namba nikaijaza kichwani baada ya gari kupita. Fomu yangu iliwekwa kando na dereva wa namba 17 hakuadhibiwa. Alikuwa ameketi pale pale, helmeti mapajani, akasikiliza maelezo yote, na wakati wa kutoka akanipa mkono bila kusema neno la kunidhalilisha.

Huikumbuka siku hiyo kila ninapowasikia mashabiki wa Formula 1 wakibishana juu ya waamuzi. Mara nyingi mabishano yetu huanzia pasipostahili: kwanza tunauliza ni nani ameadhibiwa, kisha ndipo tunaamua kama adhabu ni ya haki, na mkuki ukiwa kwa nguruwe tunauona mtamu. Mimi napendelea kipimo kingine. Uamuzi ni wa haki ikiwa dereva angeweza kuijua adhabu yake kabla hajakosea, na ikiwa baada ya kukosea anaonyeshwa kile waamuzi walichokiona. Kipimo hicho hakina mahali pazuri pa kutumika kuliko katika piti. Huko kwenye mzunguko madereva wawili wanaweza kugombea kona na kila mmoja akawa na hoja yenye uzito, lakini ndani ya piti mambo mengi hupimika: kasi ni tarakimu, taa ni nyekundu au ya kijani, gurudumu limefungwa au halijafungwa.

Tuanze na mahali penyewe, kwa sababu sheria zake hazieleweki kwa mtu anayeitazama piti kama kituo cha kubadilishia magurudumu tu. Gari linaposimama, watu wapatao 20 hulizunguka. Kila gurudumu lina watu watatu: anayeshika mashine ya kufungulia nati, anayetoa gurudumu lililotumika na anayeweka jipya. Wawili huinua gari kwa jeki, mmoja mbele na mmoja nyuma, na yule wa mbele husimama mahali ambapo dereva akichelewa kushika breki, wa kwanza kugongwa ni yeye. Mwaka 2023 nchini Qatar, timu ya McLaren ilibadilisha magurudumu yote manne ya gari la Lando Norris kwa sekunde 1.80. Katika muda ambao mtu hajamaliza kufunga kifungo kimoja cha shati, watu hao wote wameinama, wamefanya kazi yao, wameinuka na wamejiondoa njiani, huku magari mengine yakipita nyuma ya migongo yao.

Kasi ndani ya piti haizidi kilomita 80 kwa saa katika viwanja vingi, na Monaco, ambako njia ni finyu, ni kilomita 60. Kwa dereva aliyetoka kukimbia kilomita 300 kwa saa, hiyo ni kama kutambaa. Kwa fundi aliyepiga goti ni jambo jingine kabisa, maana kilomita 80 kwa saa ni takriban mita 22 kwa kila sekunde, na gari linalokuja kwa mwendo huo halimpi nafasi ya kusimama na kuruka kando.

Kikomo hicho hakikuwepo tangu zamani. Kililetwa mwaka 1994 baada ya mbio za San Marino kule Imola. Watu wengi huzikumbuka siku hizo tatu kwa vifo vya madereva Roland Ratzenberger na Ayrton Senna, na ni haki wakumbukwe. Lakini katika mbio zile zile za Jumapili, gurudumu lilichomoka kwenye gari la Minardi la Michele Alboreto lilipokuwa likitoka piti, likarukia watu na kuwajeruhi mafundi wa Ferrari na Lotus. Hadi siku ile madereva walikuwa wakipita mbele ya gereji kwa kasi yoyote waliyoitaka. Mbio zilizofuata, za Monaco, zilifanyika zikiwa tayari na kikomo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na piti ya leo imejengwa na mishtuko ya namna hiyo, mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 2013 pale Nürburgring gari la Mark Webber liliruhusiwa kuondoka kabla gurudumu moja la nyuma halijakaza. Gurudumu likachomoka, likadunda kuteremka njia ya piti, likampiga mgongoni mpiga picha wa televisheni aliyekuwa akitazama upande mwingine. Alivunjika mbavu na mfupa wa bega. Timu ilitozwa faini ya euro 30,000, lakini lililobadilisha mambo zaidi ni uamuzi wa kuwaondoa watu wa habari katika njia ya piti wakati wa mbio na kuwataka wanaobaki humo wavae helmeti. Miaka mitano baadaye, nchini Bahareni, Kimi Räikkönen alipewa taa ya kijani ilhali gurudumu lake la nyuma kushoto lilikuwa bado halijatolewa, na fundi aliyeshika gurudumu jipya alikuwa amesimama mbele ya lile la zamani. Gari lilimkanyaga, akavunjika mguu. Nilizitazama picha zile mara moja tu na sijawahi kuzirudia.

Katika tukio hilo la Bahareni, Ferrari ilitozwa faini ya euro 50,000 na dereva hakuadhibiwa. Naona waamuzi walikuwa sahihi. Dereva aliyeketi chini kabisa ndani ya gari, vioo vyake vikionyesha vipande tu vya watu, hana namna ya kujua kinachoendelea nyuma yake. Anachokitegemea ni ile taa. Taa ikisema nenda, anakwenda. Kumtwisha yeye kosa la mfumo wa taa kungekuwa kumwadhibu mtu kwa sababu ya kuwa karibu na ajali.

Lakini yapo makosa ambayo ni ya dereva mwenyewe, na hapo simwonei mtu huruma. Mwaka 1989 kule Estoril nchini Ureno, Nigel Mansell wa Ferrari aliingia piti akapitiliza sehemu yake ya kusimama. Badala ya kuwasubiri mafundi wamrudishe kwa kusukuma, akaweka gia ya rivasi na kurudi nyuma, jambo lililokatazwa kwa sababu ambayo haihitaji kuelezwa kwa yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya gari la mbio. Akaonyeshwa bendera nyeusi, ambayo ni amri ya kuondoka mbioni. Akaendelea na mbio kwa mizunguko kadhaa, bendera ikiendelea kupepea, hadi akagongana na Senna, aliyekuwa akipigania ubingwa wa dunia. Mansell alisema hakuiona bendera. Alitozwa faini ya dola 50,000 na kufungiwa mbio zilizofuata nchini Hispania. Jambo linalonisikitisha zaidi katika kisa hicho ni kwamba kosa la kwanza lilikuwa dogo, la mtu aliyepapatika. La pili ndilo lililomharibia msimu mtu mwingine.

Kisa cha Montreal cha mwaka 2008 ni cha aina nyingine, na kinanigusa kwa kuwa kilitokea mahali pale pale nilipozoea kusimama. Gari la usalama, lile linaloyaongoza magari ya mbio kwa mwendo mdogo panapokuwa na hatari, lilikuwa uwanjani na madereva waliokuwa mbele waliingia piti kwa pamoja. Räikkönen na Robert Kubica walifika mwisho wa njia wakakuta taa nyekundu, wakasimama bega kwa bega kama sheria inavyotaka. Lewis Hamilton, aliyekuwa akiongoza mbio kabla ya kuingia, alikuja nyuma yao, akaiona taa akiwa amechelewa, akamgonga Räikkönen. Nico Rosberg naye akamgonga Hamilton. Kubica aliyekuwa amesimama sentimita chache pembeni hakuguswa, akaenda kushinda mbio hizo, ushindi wake pekee katika Formula 1. Hamilton na Rosberg walipewa adhabu moja: kurudishwa nafasi 10 katika mpangilio wa kuanzia mbio za Ufaransa. Mmoja alikuwa mgombea mkubwa wa ubingwa na mwingine hakuwa, mmoja alimtoa mpinzani wake wa karibu na mwingine alimgonga aliyekwisha kukosea. Adhabu ikawa ile ile, kwa kuwa taa ilikuwa ile ile. Mwaka mmoja kabla, katika uwanja huo huo, Felipe Massa na Giancarlo Fisichella waliondolewa katika matokeo kwa kutoka piti taa ikiwa nyekundu, kwa hiyo hakuna dereva aliyeweza kudai kwamba taa ya Montreal ni pambo.

Kuna mwenendo mwingine wa piti usiojeruhi mtu lakini unaochafua mchezo. Katika kufuzu, yaani kipindi cha kupanga nafasi za kuanzia, kwa mbio za Hungaria mwaka 2007, Fernando Alonso alikuwa amesimama mbele ya gereji ya McLaren, na Hamilton, mwenzake wa timu moja, akisubiri nyuma yake. Alonso aliruhusiwa kuondoka, akabaki amesimama takriban sekunde 10 zaidi, na Hamilton akakosa muda wa kuanza mzunguko wake wa mwisho. Kulikuwa na ugomvi nyuma ya jambo hilo, maana mapema katika kipindi hicho Hamilton alikataa kumpisha mwenzake kama walivyokubaliana. Waamuzi walimshusha Alonso nafasi 5 na kuinyima timu pointi za mashindano ya watengenezaji katika mbio hizo. Nakubaliana nao. Piti ni njia ya watu wote, na dereva anayeigeuza kuwa mlango wa kumfungia mwenzake ameitumia kwa kazi isiyo yake.

Nikigeukia waamuzi wenyewe, sina budi kuanza na Silverstone mwaka 1998, kwa sababu ni mfano wa jinsi uamuzi unavyoweza kuharibika hata pale kosa lilipokuwa wazi. Mvua ilikuwa kubwa, gari la usalama likaingia, na Michael Schumacher akampita Alexander Wurz wakati kupitana kumekatazwa. Adhabu ilistahili. Lakini waamuzi walichelewa: sheria iliwataka waiarifu timu ndani ya dakika 25 tangu kosa kutendeka, nao wakapitisha muda huo, na karatasi iliyofika Ferrari ilikuwa imeandikwa kwa mkono bila kueleza bayana ni adhabu ya namna gani. Ferrari ikamwita dereva wake katika mzunguko wa mwisho. Schumacher akaingia piti, akavuka mstari wa kumalizia mbio akiwa ndani ya piti, ndipo akafika kwenye sehemu yake na kusimama sekunde zake 10, mbio zikiwa tayari zimekwisha na yeye akiwa mshindi. McLaren walikata rufaa, wakashindwa, kwa kuwa adhabu yenyewe ilionekana kuwa batili. Waamuzi watatu walirudisha leseni zao.

Wapo wanaokisimulia kisa hicho kama ujanja wa Ferrari. Mimi nakisoma kama somo la karatasi. Mwamuzi ana madaraka makubwa juu ya dereva, na kitu pekee kinachomzuia asiyatumie ovyo ni utaratibu: saa, maandishi, kifungu cha sheria. Akishauvunja utaratibu yeye mwenyewe, hana tena ardhi ya kusimamia anapomwambia dereva kwamba sheria ni sheria.

Kosa la pili la waamuzi ni kupima jambo moja kwa mizani mbili. Mwaka 2019 kule Monaco, Red Bull walimwachia Max Verstappen atoke sehemu yake wakati Valtteri Bottas akipita, magari yakagusana katika njia ile finyu na Bottas akapata pancha. Verstappen aliongezewa sekunde 5. Alivuka mstari akiwa wa 2 na akaandikwa wa 4. Miezi miwili baadaye, kule Hockenheim nchini Ujerumani, Ferrari walimwachia Charles Leclerc mbele ya Romain Grosjean katika mazingira ya mvua, na adhabu ikawa faini ya euro 5,000 kwa timu, dereva akabaki na muda wake wote. Tofauti ilikuwepo, kwani Hockenheim magari hayakugusana, na mwamuzi ana haki ya kuitazama tofauti hiyo. Lakini sheria inakataza kumwachia dereva katika hali ya hatari. Haikatazi kugusana tu. Kwa timu yenye bajeti ya Formula 1, euro 5,000 ni fedha ambayo mhasibu hataiona, ilhali sekunde 5 kila mtu anaziona. Timu zilipolalamika, ilielezwa kwamba kuanzia hapo makosa ya aina hiyo yataadhibiwa kwa muda. Nashukuru kwamba jambo liliwekwa sawa, ingawa halikupaswa kusubiri lalamiko.

Kuna anayesema kwamba si haki dereva apoteze nafasi kwa kosa la fundi aliyemwachia. Nimelifikiri sana swali hilo, hasa baada ya kusema niliyoyasema kuhusu Räikkönen. Jibu langu ni kwamba kuna tofauti kati ya kumlaumu dereva na kuinyima timu faida. Sekunde walizookoa kwa kumtoa dereva mapema zimeingia katika muda wake. Ni sawa zitolewe pale pale zilipoingia.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kwangu ndicho kilichofundisha kuliko vyote, cha Jeddah mwezi Machi 2023. Alonso, akiwa sasa na Aston Martin, alisimamisha gari lake nje kidogo ya mistari ya nafasi yake ya kuanzia, akapewa sekunde 5. Adhabu hiyo hutumikiwa ndani ya piti: gari linasimama, mafundi wanakaa mikono mitupu hadi sekunde zitimie, ndipo wanaanza kazi. Aston Martin waliingia, wakasimama, wakahesabu. Lakini fundi wa jeki ya nyuma alikuwa ameisogeza jeki yake hadi ikaligusa gari kabla sekunde hazijatimia. Hakuliinua. Aliligusa tu na kungoja.

Mbio ziliendelea hadi mwisho. Alonso alipanda jukwaani akiwa wa 3, ikiwa ni mara yake ya 100 kupanda jukwaa katika Formula 1, akapokea kombe. Baada ya hapo ndipo uamuzi ulipotolewa kwamba adhabu yake haikutumikiwa ipasavyo, akaongezewa sekunde 10, nafasi ya 3 ikaenda kwa George Russell. Aston Martin wakaomba uamuzi upitiwe upya. Walileta kumbukumbu za kikao cha timu na viongozi wa mbio, na picha za video za matukio 7 ya nyuma ambapo jeki iligusa gari wakati wa adhabu na hakuna aliyeadhibiwa. Waamuzi walikuwa wameambiwa kwamba kulikuwa na makubaliano ya wazi kuwa kugusa ni sawa na kufanya kazi. Ushahidi ulionyesha kwamba makubaliano hayo hayakuwa wazi kiasi hicho. Usiku ule ule wakaifuta adhabu na kumrudishia Alonso nafasi yake.

Wengi waliita jambo hilo fedheha. Mimi naligawa mara mbili. Kuchelewa hadi baada ya sherehe kulikuwa kosa zito, kwa sababu kila kilichohitajika kuonekana kilikuwa kimerekodiwa muda mrefu kabla mbio hazijaisha. Lakini waamuzi kukaa chini, kutazama video 7, na kukubali kwamba walikuwa wamehukumu kwa sheria ambayo madereva hawakuwa nayo mikononi, hilo linahitaji ujasiri ambao hatuusifu vya kutosha. Wiki iliyofuata maelezo mapya yalitolewa: kuanzia sasa kugusa ni kufanya kazi. Ni sheria kali, na ni sawa, kwa sababu kila fundi wa jeki ameshaijua.

Mwaka huo huo kulikuwa na jambo ambalo lilipita haraka mno katika mazungumzo ya watu. Kule Baku, Esteban Ocon alikuwa bado hajasimama kubadilisha magurudumu kama ilivyo lazima, akaingia piti katika mzunguko wa mwisho. Alipokuja kwa kilomita 80 kwa saa alikuta watu wametapakaa mbele yake, wapiga picha na wasimamizi waliokuwa wameanza kujipanga kwa ajili ya sherehe, kana kwamba mbio zimeisha. Walitawanyika wakakoswakoswa. Hapo dereva hakuwa na kosa, timu haikuwa na kosa. Waamuzi waliwaita mbele yao wawakilishi wa FIA, yaani shirikisho lenyewe linalosimamia mchezo, na kuwataka waurekebishe utaratibu wao. Niliposoma uamuzi huo nilifarijika kuliko niliposoma adhabu yoyote ya dereva, kwa sababu ulionyesha kwamba njia ya piti haina mwenyewe aliye juu ya sheria.

Ni vema pia kukumbuka waamuzi ni akina nani, kwa kuwa huwa tunawachanganya na mkurugenzi wa mbio. Uamuzi wa kuruhusu magari matano tu yajiondoe kati ya Hamilton na Verstappen kule Abu Dhabi mwaka 2021 ulikuwa wa mkurugenzi. Waamuzi waliletewa malalamiko baadaye. Waamuzi ni jopo dogo, na kwa miaka mingi wengi wao wamekuwa watu wa kujitolea wanaozunguka kutoka mbio moja hadi nyingine. Tangu mwaka 2010 jopo limekuwa na dereva wa zamani ndani yake, na wa kwanza alikuwa Alain Prost, kule Bahareni. Hatua hiyo ilisaidia, kwa sababu aliyewahi kuendesha anajua usukani ukigeuka vile maana yake nini. Tangu 2014 kuna pointi za adhabu zinazoandikwa kwenye leseni, na anayefikisha 12 ndani ya miezi 12 hukosa mbio moja. Kevin Magnussen alikuwa wa kwanza kufungiwa kwa utaratibu huo, mwaka 2024. Mwaka 2025 FIA ilichapisha hadharani miongozo ya adhabu ambayo awali ilikuwa mikononi mwa timu na waamuzi peke yao. Na mapema mwaka huo huo iliachana na Johnny Herbert kama mwamuzi, kwa hoja kwamba mtu hawezi kuwa mwamuzi na wakati huo huo mchambuzi katika vyombo vya habari. Namheshimu Herbert kama dereva, lakini nakubaliana na hoja hiyo. Anayehukumu Jumapili hawezi kuwa amekwisha kutoa maoni yake Ijumaa.

Kwa upande wangu ningependa waamuzi walipwe kama watu wa kazi, wawe jopo lile lile kwa sehemu kubwa ya msimu, ili Hockenheim isije ikasahau kilichoamuliwa Monaco. Gharama ya mishahara yao ni ndogo kuliko ya mabawa machache ya gari moja.

Nimalizie na Monza mwaka 2020, kwa sababu nikiulizwa uamuzi wa piti uliokwenda kama unavyopaswa, ndio ninaoutaja. Gari la Magnussen lilizimika karibu na mlango wa piti, na njia ikafungwa ili wasaidizi walisukume kwa usalama. Mbao za taa zikawaka alama ya msalaba nje ya kona ya mwisho, na ujumbe ukatokea kwenye skrini za timu. Hamilton, aliyekuwa akiongoza, hakuziona mbao, timu yake haikuusoma ujumbe kwa wakati, akaingia. Antonio Giovinazzi naye akaingia. Adhabu ya kuingia piti iliyofungwa ilikuwa imeandikwa: kusimama sekunde 10 ndani ya piti na kuondoka bila gari kuguswa. Wote wawili wakapewa hiyo hiyo, yule aliyekuwa wa kwanza na yule aliyekuwa nyuma.

Wakati mbio zimesimamishwa kwa bendera nyekundu baada ya ajali ya Leclerc, Hamilton alipanda skuta ndogo akaenda kwa waamuzi, akiwa bado na nguo zake za mbio. Wakamwonyesha picha za kamera ya gari lake mwenyewe. Mbao zilikuwepo, zinawaka, upande wa kushoto, wakati macho yake yanatazama kulia kuelekea piti. Akarudi kwa skuta ile ile, akaanza upya akiwa wa kwanza, na mwisho wa mzunguko akaingia piti kwa kilomita 80 kwa saa, akasimama. Mafundi wake walikuwa wamesimama ukutani, hakuna aliyemsogelea. Alipotoka alikuwa wa mwisho, na alimaliza mbio akiwa wa 7.